Kasuku Apanda Kilungu

Makanga alidai nauli ya kiti kizima. Nikamwambia tundu litakaa mapajani pangu. Akainua pembe ya leso niliyolifunikia, akachungulia, akakutana na jicho la manjano lisilopepesa.

"Huyu anaongea?"

"Akitaka."

Akakubali nusu nauli, kwa sharti kwamba kasuku aseme neno moja kabla hatujafika Mlolongo. Hakusema. Kasuku wa kijivu akitolewa alikozoea hunyamaza kama shahidi aliyetishwa, na anaweza kukaa hivyo siku kadhaa akisikiliza tu. Mlolongo tukaipita kimya, Athi River kimya, na makanga akanyoosha mkono kudai salio lake. Nililipa. Kwa kweli nilifurahi kwamba ndege hakusema, maana kule South B, Nairobi, alikolelewa, dirisha lilitazama steji ya matatu, na nusu ya msamiati wake haifai kusikika mbele ya abiria wazee.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Barabara hii naijua kwa usiku, nikiwa ndani ya basi: Mtito Andei ni mahali pa kwenda haja, Sultan Hamud ni taa chache dirishani, kisha usingizi hadi Nairobi. Sikuwahi kuiacha lami hiyo pale Salama na kupanda milimani, ingawa mamangu mdogo ameolewa Nunguni tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sababu ya kwenda haikuwahi kutosha. Safari hii sababu ilikuwa na mkia mwekundu na uzito wa zaidi ya nusu kilo.

Familia iliyomlea ilihamia Kanada. Kumvusha kasuku wa kijivu mpakani si kazi ya kufunga begi na kuondoka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilikubaliana kumpandisha ndege huyu hadi orodha ya kwanza, ile ya viumbe waliofungiwa biashara ya kimataifa, kwa kuwa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kongo ilikuwa imevunwa kasuku kwa miongo mingi ili wauzwe ng'ambo. Hapa Kenya wa porini waliobaki ni wachache sana, upande wa msitu wa Kakamega, na anayemfuga mmoja nyumbani anatakiwa awe na kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Kibali kilikuwepo. Mamangu mdogo aliwahi kufundisha shule moja na mama wa nyumba ile, akakubali kumpokea ndege, karatasi za kumkabidhi zikapita, na nakala zilikuwa mkobani mwangu.

Mkobani mlikuwa pia na karatasi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kabla ya safari, daktari wa mifugo anayeshughulika na ndege alimpima kasuku wetu. Alimweka kwenye mizani: gramu 540. Akapapasa mfupa wa kifua, akasema kwa umbo lake alipaswa kuwa chini ya 500; mfupa ule, ambao kwa ndege mwenye afya unausikia kwa kidole, ulikuwa umezama kwenye mafuta. Akamfungua mdomo, akanionyesha kwa tochi. Vile vijinundu laini vilivyo nyuma ya kaakaa, ambavyo kwa kasuku mzima vimechongoka, vilikuwa vimelika, vimekuwa butu. "Vitamini A," akasema. "Anakula nini?"

Alikuwa akila alizeti. Bakuli la alizeti asubuhi, bakuli la alizeti jioni, na katikati mandazi yaliyochovywa kwenye chai, viazi karai, na kila kilichobaki sahanini. Hakuna aliyemnyima; alikula kwa mapenzi. Lakini mbegu ya alizeti ni mafuta matupu kwa ndege asiyeruka. Vitamini A haimo kabisa, au imo kwa kiasi kisicho na maana. Kalsiamu ni haba na fosforasi ni nyingi, na kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine ndiye anayeadhibiwa na upungufu wa kalsiamu. Damu yake ikipungukiwa huanza kutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti, hushikwa na kifafa. Wenzake wa msituni hula tunda la mchikichi, lile jekundu lenye mawese, pamoja na matunda mengine, machipukizi na mbegu za aina nyingi, na huruka kilomita nyingi kwa siku kuvitafuta. Wa South B aliruka kutoka tunduni hadi juu ya friji.

Daktari aliandika mambo machache. Alizeti ziwe za zawadi tu. Punje zilizosindikwa za kasuku, ambazo huletwa kutoka nje na bei yake ni ya kukutoa jasho, ziwe sehemu kubwa ya mlo kama zinapatikana. Kama hazipatikani, nafaka na jamii ya kunde zilizopikwa bila chumvi, mboga za majani za kijani kibichi, mboga za rangi ya chungwa, matunda kidogo, na chanzo cha kalsiamu. Jua la moja kwa moja, maana bila jua hiyo kalsiamu hainyonywi. Kisha akapiga mistari miwili chini ya maneno mawili: *parachichi* na *kuvu*.

Hakujua naelekea Nunguni.

Baada ya Malili na ule mji wa teknolojia wa Konza unaojengwa nyikani, nchi ilikuwa kavu na tambarare. Pale Salama tuliacha barabara kuu na injini ikabadilisha sauti. Kwa mtu wa pwani, kilichofuata kilikuwa kigeni kabisa. Milima ya Kilungu imechongwa ngazi kutoka bondeni hadi kileleni, matuta juu ya matuta, kila tuta limeshikwa na nyasi za ng'ombe ukingoni. Ndiyo yale ya "fanya juu", jina la Kiswahili linalotumiwa na wataalamu wa udongo hata katika vitabu vya Kiingereza: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na mvua badala ya kuondoka na shamba inakuachia maji. Zamani wakoloni waliiandikia Ukambani tanzia ya mmomonyoko. Mwaka 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi watu wa Machakos ya zamani, iliyokuwa ikijumuisha Makueni, walivyoongezeka na udongo wao ukapona. Juu ya matuta hayo niliona kahawa, migomba, mahindi, sukuma wiki. Na kila boma, bila kukosa, mparachichi.

Ukungu ulitupokea. Niliteremka Nunguni nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi, na baridi yake sikuitarajia katika kaunti hii ya Makueni, ambayo redioni husikika kwa habari za ukame. Nililiongezea tundu kanga ya pili. Baba mdogo alikuwa akinisubiri amevaa koti zito na kofia ya sufu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndiye mgeni?"

Nyumbani mgeni alikuwa ameandaliwa. Mama mdogo alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na pembeni, kwenye sahani ndogo ya udongo, ametenga sehemu ya kasuku. Majirani walikuja. Kila mmoja alikuja na kitu mkononi, kwa kuwa huko mgeni hatazamwi mikono mitupu: mmoja karanga mbichi kwenye gazeti, mmoja kipande cha mkate, watoto wawili wakiwa na parachichi lililoiva, wamelikata katikati na kulitoa kokwa kwa uangalifu mkubwa. Nami, niliyefika hapo kwa mara ya kwanza, kijana mbele ya wazee, nikawa wa kuwaambia kwamba ndege haruhusiwi kuvila.

Parachichi lina sumu iitwayo pasini. Mtu haimdhuru. Kasuku humletea shida ya moyo na mapafu, na aliyekula asubuhi anaweza asiione jioni. Sumu hiyo haiko kwenye nyama ya tunda peke yake. Iko kwenye ganda, kokwa, jani na gome. Nilipoeleza hivyo, wote wakageuza macho kuelekea upande mmoja, nami nikageuka. Baba mdogo alikuwa ameshapigilia ndoano ya kuning'iniza tundu kwenye tawi la mparachichi mkubwa ulio mbele ya baraza, mahali pazuri kuliko pote uani. Kasuku kazi yake ni kutafuna miti. Angekuwa amelibandua tawi lile gome kabla ya wiki kuisha.

"Mti huu ndio ulionilipia karo ya watoto," baba mdogo akasema. Alisema kwa upole, ila nilielewa kwamba nimeutukana. Kisha akachukua nyundo, akang'oa ndoano, akaipeleka kwenye mpera ulioko upande wa mashariki. Mpera hauna neno. Ndege autafune atakavyo. Na upande ule, ukungu ukishanyanyuka, jua la asubuhi linapiga moja kwa moja. Jikoni, penye mafiga na moshi wa kuni, tulikubaliana asiingizwe kamwe, maana pafu la ndege halistahimili moshi.

Kuhusu kuvu sikuhitaji kumfundisha mtu. Nilipolitaja neno hilo, baba mdogo aliniongoza hadi ghalani, akatumbukiza mkono kwenye gunia la mahindi, akatoa konzi na kuimwaga kwenye ungo chini ya mwanga wa mlango. Alizitenga punje kwa kidole kimoja, haraka, bila kuongea: iliyovunjika huku, yenye doa huku, ile yenye unga wa kijani kwenye kitovu akainusa na kuitupa nje ya mlango. Kisha akachukua punje safi, akaiuma. Ikalia kak. "Isipolia hivyo, haijakauka."

Mwaka 2004 Makueni na Kitui ndizo zilizoumia kuliko kwingine katika ule mkasa wa sumukuvu: watu 317 waliugua ini na 125 kati yao wakafa, wengi kwa kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Haikuwa mara ya kwanza Ukambani. Mwaka 1981 pia watu walikufa. Baba mdogo alizika jamaa mwaka ule, upande wa chini kwenye joto. Anachokijua, na ambacho watu wa mjini hatukijui, ni kwamba kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kwamba punje inaweza kuonekana safi na bado imebeba. Kwa hiyo yeye hachagui tu. Anaanika juu ya turubai badala ya udongo, na anahifadhi kwenye yale magunia ya plastiki yasiyopitisha hewa.

Nikamwambia jambo alilokuwa hajalisikia: kwamba sumu hiyo dunia iliijua kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiokuwa na jina, na uchunguzi ulipofuata chakula chao ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Alitafakari kidogo, akarudi barazani, akazichukua zile karanga mbichi za jirani akamrudishia kwa heshima zote. Kasuku ana uzito wa nusu kilo. Kinachomtia mtu mzima kichefuchefu kinatosha kumuua yeye.

Kesho yake nilikwenda sokoni na mama mdogo nikiwa na karatasi ya daktari. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa vitu hivyo havipatikani. Nairobi nimewahi kusikia wafugaji wakilalamika kwamba kasuku ni ndege wa matajiri, na nikiangalia bei ya zile punje za kigeni siwalaumu. Lakini tulipoanza kuzunguka, karatasi iliisha kabla ya kikapu kujaa. Rangi ya chungwa: boga, karoti, viazi vitamu vyenye nyama ya njano, papai lililopanda kutoka chini kwenye joto. Kijani: sukuma wiki, terere, majani ya kunde. Spinachi tuliiacha, kwa kuwa ina asidi inayoishika kalsiamu isinyonywe. Sukuma wiki, ambayo Wakenya tunaidharau kwa kuwa ni chakula cha mwisho wa mwezi, inaizidi kwa mbali. Wimbi, mtama. Mbaazi. Na ndengu, magunia kwa magunia, kijani inayong'aa; Makueni na Kitui ndizo kaunti zinazoilisha nchi ndengu. Matomoko yalikuwepo, mama mdogo akataka kumnunulia. Nikamwomba atoe mbegu zote kwanza, kwani zile nyeusi ni sumu.

"Kumbe anakula tunachokula sisi," mama mdogo akasema.

"Anakula tunachopanda," nikamjibu. "Tunachokula ni ugali."

Akacheka, akanipiga begani kwa kitita cha terere.

Kalsiamu niliileta mwenyewe kutoka nyumbani: mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi kama povu unaookotwa ufuoni Mombasa baada ya maji kupwa. Watoto wa Nunguni waliugusa kwa kustaajabu. Hakuna aliyeamini ulitoka ndani ya mnyama wa baharini. Tuliufunga kwa waya ubavuni mwa tundu, upande laini ukimwelekea ndege. Ukiisha, maganda ya mayai ya kuku wa mama mdogo yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa kwenye kinu yanatosha kunyunyizwa juu ya mboga.

Tulipika chungu kimoja bila chumvi wala mafuta: muthokoi, mbaazi, ndengu kidogo, mtama. Maharagwe mekundu yakitumika lazima yachemke sana, kwani mabichi yana sumu yake; sisi hatukuyatia. Juu yake karoti iliyoparuzwa, boga, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Ndengu nyingine tuliloweka zichipue, tukiziosha asubuhi na jioni zisivunde. Kwa baridi ya Kilungu zilichelewa. Mkia mweupe ulitokeza tukiwa tumeshaanza kukata tamaa.

Kasuku akavitazama vyote. Akainama juu ya bakuli, akaokota kipande cha karoti kwa mguu, akakigeuza, akakiachia kidondoke chini. Kipande cha boga, chini. Alivimaliza vyote hivyo kimoja kimoja kwa utaratibu wa karani anayekataa maombi, kisha akagonga bakuli tupu lililozoea alizeti.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Kasuku aliyelelewa kwa mbegu anaweza kufa njaa mbele ya mboga, kwa sababu mboga kwake si chakula, ni takataka. Kumnyima alizeti ghafla ni hatari, na kumrudishia kila anapogonga ni kukubali kushindwa. Njia iliyo katikati ni ya polepole: chakula kipya alfajiri akiwa na njaa, alizeti chache jioni, na mizani kila asubuhi. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake, daktari apigiwe simu. Mama mdogo, mwalimu mstaafu, alichora jedwali kwenye daftari bila kuambiwa.

Ila lililofanya kazi halikuwa jedwali. Kasuku ni ndege wa kundi, hula anachokiona kikiliwa. Mama mdogo alivuta kigoda chini ya mpera, akachukua karoti, akaanza kuitafuna kwa sauti, akimpa ndege mgongo. Alikula kama mtu asiyetaka kugawa. Kimya. Kisha nyuma yake kijiti kikatikisika. Kasuku alisogea hadi kwenye waya, akanyoosha shingo. Mama mdogo akakata kipande kwa meno, akakichomeka kwenye waya bila kumtazama. Kikachukuliwa. Sehemu kubwa ilidondoka kama kawaida, lakini kuna kilichomezwa. Tulikiona kikishuka kooni.

Siku ya kuondoka kwangu alikuwa na gramu 531, na alikuwa akila boga lililopikwa, mtama, na mishipa ya sukuma wiki, ambayo huishika kama mtu ashikavyo muwa. Majani yenyewe alikuwa bado akiyakataa. Ndengu zilizochipua alizipenda mno hadi ikabidi tumpunguzie. Alizeti zake zilihesabiwa na mjukuu wa nyumba ile, msichana wa gredi ya 6, aliyezifanya malipo: moja kwa kila kipande cha karoti. Tabia ya majirani ya kuleta zawadi haikukoma, bali mama mdogo aliigeuza. Sasa anayekuja huleta tawi la mpera au kipande cha boga, na anaonyeshwa daftari.

Usiku wa mwisho, tukila, baba mdogo aliniuliza ndege huyu huishi miaka mingapi.

"Akitunzwa, arobaini. Wengine hufika sitini."

Akaweka kijiko chini. Yeye ana miaka sabini na ushei. "Tukasema mgeni siku mbili," akamwambia mkewe. "Huyu atatuzika."

Msichana aliuliza kama KWS wanaweza kuandika jina la mtoto kwenye kibali. Nikamwambia sidhani, asubiri akue. Akasema basi atasubiri, kwa kuwa ndege ni wake tayari, karatasi tu ndiyo iliyobaki.

"Wako?" mama mdogo akamuuliza. "Leo asubuhi ni nani aliyekimbia mizani ndege alipofungua mdomo?" Akamkabidhi kisu na boga la kesho.